Tia Mkono Katikati ya Gunia

Mwanangu, umeniuliza namna ya kupima maneno ya watu. Nenda soko la Kirumba Mwaloni asubuhi, ukamtazame mama anayenunua dagaa. Hadanganyiki na mdomo wa gunia. Anajua wazuri hupangwa juu. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa kiganja cha dagaa wa katikati, anawapukutisha aone mchanga utakaodondoka, kisha anavunja mmoja. Mkavu hukatika, mwenye unyevu hupinda, na huyo ataozesha mzigo kabla haujafika Kongo. Muuzaji hanuni. Akinuna, mama anahamia kwa jirani.

Mama huyo huyo, akikaa kusubiri gari la mizigo, anafungua simu, anasikiliza sauti ya mtu asiyemjua, anaisambaza kwenye makundi matatu. Hapo mkono haukuingia popote.

Basi uliza: umejuaje? Uliona, uliambiwa, au unakisia? Kwa mkubwa liulize kwa heshima: "Samahani mzee, hilo ulilishuhudia au ulihadithiwa?" Wapo watakaokwambia kuhoji ni utovu wa adabu. Mimi naona utovu ni kunyamaza mbele yake, kisha ukamwita mwongo akishaondoka.

Lingine ni gumu zaidi, kutenganisha dai na dai, na hapa Mwanza lilitushinda mbele ya dunia. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu yake, Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa ziwa letu. Wengi tuliijua kama filamu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Ilionyesha minofu ikipelekwa Ulaya na mapanki yakibaki kwetu, ikadokeza pia kwamba ndege zinazobeba minofu hiyo huja na silaha. Mwaka 2006 iliwania tuzo ya Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete akaishutumu hadharani. Mjini tukagawanyika: ama yote kweli, ama yote uzushi. Wengi waliokuwa wakibishana hawakuwa wameiona, na huko Ulaya wengi walioilia hawakuwa wameiona Mwanza.

Sasa tenganisha. Mapanki yalikuwa yakiuzwa na kukaangwa. Mwenye macho na pua hakuhitaji filamu kulijua hilo. Silaha ni dai jingine, linataka ushahidi wa aina nyingine: nani aliona kreti, wapi, hati zinasemaje. Kweli ya mapanki haithibitishi bunduki. Vilevile, shaka juu ya bunduki haifuti mapanki. Na aliyesema "ametuchafulia nchi" alieleza uchungu wake, na uchungu ni haki yake, ila hakujibu hata dai moja. Usipokee neno kwa sababu linampiga usiyempenda, wala usilikatae kwa sababu linakuuma.

Usidhani haya ni mambo ya wasomi. Usukumani vikongwe wameuawa miaka na miaka kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi: kuni na mavi ya ng'ombe, jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini ya kupika ugali wa watu wale wale wanaowashuku. Aliyekwenda kwa mganga alikwenda na jina tayari kichwani, akarudi nalo limegongwa muhuri. Hakuna aliyeingia jikoni kwa bibi akakaa nusu saa, macho yake mwenyewe yakamjibu.

Nami sijioni mwema. Siku moja upepo ukivuma nilisikia kijiweni kwamba mtumbwi wa jirani umezama, nikawahi kumwambia mkewe. Kumbe injini ilizima tu, wakavutwa hadi ufukweni jioni ile. Nilirudi nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliokwishakusanyika kulia naye. Ukikosea, fanya hivyo: kanusha pale pale uliposemea, kwa sauti ile ile. Mama yule alinisamehe, lakini nikibisha hodi kwake hadi leo, kwanza hunitazama usoni.