Deni la Darasani

Hukumu ya Mahakama Kuu katika kesi ya Brown, mwaka 1954, ililenga kukomesha ubaguzi katika shule za Marekani. Huko kusini, watoto weusi walipohamishiwa shule za wazungu, walimu wao hawakufuatana nao: takriban walimu na wakuu wa shule 38,000 weusi walipoteza kazi. Leo walimu wanane kati ya kumi wa shule za umma ni wazungu, ilhali wanafunzi wazungu hawafiki nusu.

Ili kupunguza pengo hilo, jimbo la Illinois lilibuni ufadhili wa hadi dola 7,500 kwa mwaka kwa wanafunzi wa ualimu kutoka jamii za wachache. Sharti lake ni kali: kila mwaka uliolipiwa hurudishwa kwa mwaka wa kufundisha, katika shule ambayo angalau asilimia 30 ya wanafunzi ni wa jamii hizo. Ukikwepa, ufadhili unageuka mkopo.

Mwaka 2024 mpango huo ulifikishwa mahakamani kwa kuwatenga wazungu. Hoja ya walalamikaji ina uzito. Kijana mzungu, mtoto wa mkulima hohehahe, hakumfukuza mwalimu yeyote. Kwa nini alipishwe kosa la babu wa mtu mwingine?

Ila swali hilo linamtazama mwombaji peke yake. Na mtoto je? Utafiti wa Tennessee ulionyesha kwamba watoto weusi waliofundishwa na mwalimu mweusi walau mmoja katika madarasa ya mwanzo walijiunga na chuo kwa wingi zaidi. Kwa mtoto huyo, dola 7,500 si zawadi ya mwalimu hata kidogo.