Mtunzi wa Mapenzi na Siri ya Jirani

Hadithi za mapenzi hudharauliwa hadharani na kusomwa faraghani. Mzazi humwonya binti yake asizisome, na binti akisha kulala, mzazi huyo huyo hukivuta kitabu chini ya mto akakimaliza kabla ya jogoo la kwanza. Kwa hiyo mtunzi wa hadithi hizo hupata hukumu mbili: huitwa mpuuzi na wale wasiokubali kwamba wamemsoma, na husifiwa kwa minong'ono na wale walioliona katika kurasa zake jambo lililowapata wao. Hukumu hizo mbili zimekwisha jadiliwa sana. Iliyosahauliwa ni ya tatu, nayo ndiyo nzito: hukumu ya mtu ambaye maisha yake yamechukuliwa yakafanywa hadithi. Mtunzi ana haki gani juu ya moyo wa jirani yake?

Ili swali hili lijibiwe, sharti kwanza ijulikane namna mtunzi anavyoishi. Katika Kiswahili ni wachache waliopata kula kwa kalamu peke yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliingia katika kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali karibu umri wake wote. Muhammed Said Abdulla, ambaye hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958, alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima huko Unguja. Hali ni hiyo hiyo katika nyanda za juu za kusini. Atungaye hadithi za mapenzi Mbeya au Iringa, aghalabu mchana ni mwalimu, au karani, au muuguzi. Hutunga usiku, watoto wamekwisha lala, jiko la mkaa liko karibu na miguu, maana baridi ya mwezi wa Juni na Julai katika Mufindi na Makambako haina huruma na vidole vya mwandishi. Daftari lake ni la shule, na kalamu yake ndiyo ile iliyosahihisha hesabu za watoto au iliyoandika majina ya wagonjwa.

Watu humhurumia mtunzi wa namna hii, wakidhani kwamba kazi ya mchana inamwibia hadithi zake. Walakini kazi hiyo ndiyo inayompa hadithi. Mwalimu huletewa na wazazi habari za binti aliyeacha shule. Muuguzi husikia saa nane za usiku maneno ambayo mgonjwa hakumwambia mumewe. Karani huona ni nani anamtumia nani fedha, na ni lini alikoma kumtumia. Hapa ndipo taabu inapoanza, kwa kuwa siri hizo hawakuambiwa watunzi. Aliambiwa mwalimu, akaambiwa muuguzi, akaambiwa karani. Mtu yule yule alipoketi usiku na daftari lake, alibadili kazi pasipo kumwarifu aliyemwamini. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hawakusema kwamba kata ina ruhusa ya kuitangaza siri hiyo kisimani.

Jambo hili si geni duniani. Samuel Richardson wa Uingereza, ambaye kitabu chake Pamela cha mwaka 1740 huhesabiwa miongoni mwa riwaya za mwanzo za Kiingereza, alikuwa mpiga chapa kwa kazi yake. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu, wasichana watatu wa jirani walimpa kazi ya kuwaandikia wapenzi wao barua, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna hata mmoja aliyepata kujua kwamba wenzake wanatumikiwa naye. Alijifunza moyo wa mwanamke kwa kuushikia kalamu. Alipokuwa mtu mzima, wauza vitabu walimwomba awatungie kitabu cha mifano ya barua, na katika kazi hiyo ndimo ilimozaliwa riwaya iliyompa jina.

Nyanda za juu za kusini ziliwajua vizuri waandishi wa barua. Tangu zama za ukoloni vijana wa Ubena walikwenda kukata mkonge Tanga wakaitwa manamba. Vijana wa Unyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu katika Lupa, wilayani Chunya, na wengine wakavuka mipaka hadi migodi ya Afrika Kusini, mpaka mkondo huo ulipozuiwa baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Ndoa nyingi ziliishi ndani ya bahasha kwa miaka. Na na uchukuliwe mfano wa kubuni, ambao mifano yake ya kweli haikukosekana. Mwanamke wa Rungwe, asiyejua kusoma, anakwenda kwa mwalimu na mayai matano katika kikapu. Anaketi, anasema, na mwalimu anaandika. Majibu yakija, mwalimu ndiye asomaye. Huyu mwalimu anajua kabla ya mwenye ndoa kwamba maneno yanaanza kupoa. Siku moja inakuja barua inayosema kwamba mume ameoa huko aliko. Mwalimu anaisoma mpaka mwisho. Miaka kumi baadaye ana hadithi nzuri kuliko zote atakazotunga, nayo si yake.

Watetezi wa mtunzi wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba majina hubadilishwa. Hoja hii ina nguvu katika mji mkubwa, lakini katika kijiji haina, kwa kuwa kijiji hakimtambui mtu kwa jina tu. Humtambua kwa mwendo, kwa mgomba ulio mbele ya mlango, kwa mwaka ambao mume alikoma kuandika. Mjerumani Goethe alibadili majina. Mwaka 1772 alimpenda Charlotte Buff, mchumba wa rafiki yake Kestner, katika mji wa Wetzlar; na mwaka huo huo kijana mmoja, Jerusalem, alijiua kwa bastola alizoazima kwa Kestner. Kestner mwenyewe ndiye aliyemwandikia Goethe habari za kifo hicho kwa urefu. Riwaya ilipotoka mwaka 1774, ikasomwa Ulaya nzima, Kestner na mkewe walijiona wamevuliwa nguo sokoni. Goethe alipoitoa upya mwaka 1787, alimrekebisha yule mume wa hadithini akawa mtu bora zaidi. Malipo hayo yalichelewa miaka kumi na mitatu, lakini yanathibitisha kwamba deni lilikuwako, kwa maana mtu halipi deni asilodaiwa.

Hoja ya pili ni kwamba pasipo maisha ya jirani hadithi huwa kavu. Hoja hii ni ya kweli. Barbara Cartland wa Uingereza alikuwa akijilaza juu ya kochi na kusema hadithi huku karani akiandika. Akatoa vitabu kwa mamia, na nyingi za hadithi hizo ni za mabibi na mabwana wa karne zilizopita. Hakumwudhi jirani yeyote, wala pengine hakuna jirani aliyejiona humo. Kinyume chake, C. G. Mung'ong'o alipotoa Mirathi ya Hatari mwaka 1977, habari ya kijana anayerithishwa uchawi katika nchi ya Njombe, msomaji wa huko alikuta milima yake na hofu zake ndani ya kitabu. Heshima ya kuonekana ni kubwa, na watu ambao hawaandikwi kamwe hudhulumiwa pia. Lakini hoja hii inaonyesha tu kwamba mtunzi anahitaji mali ya jirani; haionyeshi kwamba mali hiyo imekuwa yake. Mwenye njaa anahitaji mahindi, na shamba linabaki na mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: kwamba ukweli una haki kuliko aibu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuwa ilisema waziwazi namna msichana anavyoharibiwa na wakubwa waliopaswa kumlinda. Waliokasirika walitaja adabu. Lakini ukimya waliouita adabu ulikuwa umewakinga wakosaji siku zote. Na katika Njombe, Iringa na Mbeya, ukimya umeua watu. Katika uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012, Njombe ilionekana kuwa na watu wazima wenye virusi vya UKIMWI karibu asilimia 15, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 5. Mahali ambapo watoto wengi wamelelewa na bibi kwa sababu hiyo, hadithi ambayo wapenzi wake hawaulizani neno, hawapimi, hawaogopi, wakafika harusini wakiwa na afya njema, ni uongo hata kama kila nyumba iliyomo ni ya kweli. Mtunzi ana deni kwa jirani aliyemwazima maisha, na ana deni la pili kwa msomaji atakayepanga maisha yake kwa kufuata kitabu. Akilipa moja kwa kulikana jingine, hajalipa.

Basi madeni haya mawili yapatanishweje? Msaada unapatikana katika desturi za huko huko. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakumtazama baba mkwe wake usoni, wala hakulitamka jina lake. Hata njiani alimpisha. Mgeni huweza kudhani kwamba desturi hii ilifunga midomo. Lakini mkamwana alisema mengi na watu wengine; alichokatazwa kilikuwa kusema mbele ya mtu fulani pasipo stara. Adabu haikukataza neno, iliuliza linasemwa na nani, mbele ya nani, na kwa idhini ya nani. Maswali hayo matatu yanamfaa mtunzi pia.

Kwa maswali hayo, dhalimu na mdhulumiwa hawapimwi kwa kipimo kimoja. Mwanamume aliyemharibu mwanafunzi hawezi kudai kwamba tendo lake ni siri yake. Lakini msichana aliyeharibiwa anaweza kudai kwamba jeraha lake ni lake, na mtunzi anayelifunua bila kumwuliza, hata kwa nia ya kumtetea, amemvunjia mlango mara ya pili. Ukweli wa ubaya waweza kusemwa kwa mfano uliobuniwa kutoka kwa mambo ya wengi, usiomwelekea mmoja. Lakini pale ambapo hadithi ni ya mtu mmoja, na mtu huyo angali hai na atatambulikana, kipimo ni hiki: je, mtunzi aweza kuketi na mtu huyo karibu na jiko na kumsomea kurasa hizo kwa sauti? Akiweza, na azisome. Asipoweza, amekwisha jijibu.

Na mwenye hadithi akikataa? Hadithi hiyo isiandikwe, au ingoje. Yako masimulizi mazuri ambayo hayatapata kitabu, kama yalivyo maua mengi katika Kitulo yasiyochumwa, wala nchi haipungukiwi kitu kwa hayo. Mtunzi asiyeweza kupoteza hadithi hata moja kwa ajili ya mtu hafai kuaminiwa anapoandika juu ya mapenzi, kwani mapenzi ni kukubali kupoteza kitu kwa ajili ya mwingine.

Lakini mara nyingi mwenye hadithi hatakataa. Na arudishwe yule mwalimu wa Rungwe. Na adhaniwe kwamba amekwenda na daftari lake kwa yule mama, ambaye sasa nywele zake zina mvi, akamsomea sura ya barua: namna mwanamke alivyoanguka chini akalia, na majirani wakaja. Mama anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Mwalimu, yote umeyaweka sawa, ila siku ile mimi sikulia. Nilikwambia ahsante, nikaenda kuchuma kahawa, maana ilikuwa imeiva." Kwa neno hilo moja sura nzima inabomoka, na iliyo bora inapata mahali pa kujengwa. Mwalimu alidhani amekwenda kuomba ruhusa. Kumbe ukweli wenyewe ulikuwa bado uko kwa mwenyewe, na usingepatikana kwa mtu asiyerudi kuuliza.