Je, Kompyuta Iliyobadilishwa Vipuri Hubaki Ileile?

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi ni lile la kitu kubaki kilekile ilhali sehemu zake zinabadilika, na siku hizi swali hilo halihitaji tena mifano ya kubuni, kwa kuwa kila fundi anayefungua kompyuta mpakato ya zamani ili kuiongezea kasi hukutana nalo mezani pake, ajue asijue. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus, shujaa wao wa kale, kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika, wengine wakisema ni ileile na wengine wakikataa. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alilikoleza swali hilo: ikiwa mtu fulani alikuwa akizikusanya mbao kuukuu na kuziunganisha upya kwa mpangilio wa awali, basi kati ya merikebu mbili zitakazokuwapo, ya Theseus ni ipi?

Kwa upande wa kompyuta, mfano unaofaa ni ThinkPad T420, iliyotolewa mwaka 2011. Nyingi ziliuzwa zikiwa na diski ya sumaku, yaani chombo cha kuhifadhia data chenye sahani zinazozunguka na mkono mwembamba unaosogea juu yake kutafuta mahali data ilipoandikwa. Sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, wakati prosesa, ambayo ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote, ikiwa na kasi ya gigahezi 2.5, hupiga mapigo milioni 25 katika milisekunde 10 tu. Kwa hiyo mashine inayodhaniwa kuwa imezeeka mara nyingi haijazeeka, inangoja. Fundi akilegeza skrubu ya kifuniko, akaichomoa diski hiyo na kusukuma mahali pake diski ya SSD, inayohifadhi data ndani ya chipu zisizo na kitu chochote kinachozunguka, kungoja huko hupungua hadi sehemu ndogo ya milisekunde moja. Na ikiongezwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi zilizo wazi, prosesa hailazimiki kurudi diskini kila mara. Aristotle, aliyetofautisha uwezo uliomo ndani ya kitu na kutendeka kwa uwezo huo, asingepata shida hapa: prosesa haikuongezewa chochote, ila imeondolewa kizuizi, na kuondolewa kizuizi hakukifanyi kitu kuwa kingine.

Ugumu huanza unapoguswa ubao mama, yaani bamba kuu ambalo sehemu nyingine zote huunganishwa nalo. Microsoft, katika masharti ya leseni za Windows zinazokuja ndani ya kompyuta mpya, imeuchukulia ubao huo kuwa ndio kompyuta yenyewe: diski na RAM hubadilishwa bila leseni kupotea, lakini ubao mama ukibadilishwa ili kupata ulio bora zaidi, huhesabiwa kwamba imepatikana kompyuta mpya inayohitaji leseni mpya, ilhali ukibadilishwa kwa sababu wa kwanza ulikuwa na hitilafu, kompyuta huhesabiwa kuwa ileile. Msomaji aliyezoea mijadala ya fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, atatambua mara moja kwamba nia imeingizwa katika hukumu, kwani kazi ya mkono ni moja na hukumu ni mbili. Kanuni hiyo ni ya kibiashara, wala haikutungwa na wanafalsafa, lakini imegusa jambo ambalo wengi wao walilipita: kubaki kwa chombo kuwa kilekile hakugunduliwi kwa kukichunguza chombo, bali huamuliwa na wale wenye haki au dai juu yake. Kampuni ya Framework ya Marekani, iliyotoa kompyuta yake ya kwanza mwaka 2021, huuza ubao mama peke yake, ili mwenye kompyuta abaki na kiwambo, kibodi na kasha lake, na ubao wa zamani, badala ya kutupwa, waweza kutiwa katika kasha dogo ukawa kompyuta ya mezani. Fumbo la Hobbes sasa lina bei na dhamana.

Wapo watakaosema kwamba ubao si kitu, kwa kuwa kompyuta ya mtu ni yale aliyoyahifadhi humo. Rai hii ina asili yake kwa John Locke, ambaye mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, alidai kwamba mtu hubaki yuleyule kwa fahamu inayoyafikia matendo yake ya zamani, hata kama nafsi ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zake, ingeingia katika mwili wa fundi viatu. Diski ya T420 moja ikitiwa ndani ya T420 nyingine, kwa kawaida mashine huwaka na faili zilezile na nywila zilezile, na mwenyewe huona amerudi kwake. Hata hivyo, kabla ya diski ya zamani kuondolewa, fundi huinakili yote juu ya SSD, na kazi hiyo ikiisha, mezani huwapo diski mbili zenye maudhui yaleyale, herufi kwa herufi. Kama kumbukumbu ndiyo inayokifanya kitu kuwa kilekile, basi zote mbili ni kompyuta ileile, nayo ni muhali viwili kuwa kimoja. Kipimo cha Locke, ambacho kwa wanadamu kilionekana kutosha kwa sababu hakuna aliyewahi kuwanakili, chashindwa hapo mezani.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipitia jambo hili kwa njia nyingine katika suala la 20, ambalo ndilo la mwisho, la kitabu chake Tahafut al-Falasifa, akiwajibu wanafalsafa waliokanusha ufufuo wa miili. Alisema inawezekana nafsi irudishwe katika mwili, uwe wa maada ileile ya kwanza au wa maada nyingine, kwa sababu mtu ni yeye kwa nafsi yake, wala si kwa mwili, ambao sehemu zake hubadilika kwa chakula tangu utotoni hadi uzeeni huku mwenyewe akibaki yuleyule. Wanaonena siku hizi habari za kuhamishia akili ya mtu ndani ya mashine hawana budi kuijibu hoja hii kwanza, kwani wanachoahidi kukihamisha ni kile kinachonakilika, na kinachonakilika kimeshaonekana hakitoshi. Kompyuta haina nafsi ya kurudishiwa. Ndiyo maana kwayo hukumu ya wenye dai hutosha, na kwa mwanadamu haitoshi.

Basi kompyuta iliyotiwa SSD na RAM ni ileile, kwa kuwa kazi ya mwenyewe imeendelea na hakuna dai jingine linaloshindana na lake. Iliyobadilishwa ubao mama, huku ule wa zamani ukiendelea kufanya kazi kwingine, ni mpya, hata kama kasha halijabadilika. Ama ile diski iliyochomolewa, bado imebeba kila barua, picha na hesabu ya mwenyewe, na kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuiondoi data iliyoandikwa juu ya sahani mpaka iandikwe nyingine juu yake. Anayetaka kuiuza au kuigawa aiandike upya yote kwanza.