MWENYE MAJI MACHACHE
Juu ya wajibu wa mzazi skuli zifungwapo

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba liko suala ambalo watu hulikimbia kwa kuwa jibu lake ni zito. Suala lenyewe ni hili: mtoto akikosa mwalimu pasipo kosa la mtu yeyote, skuli ikafungwa kwa amri ya serikali na kwa maslaha ya watu wote, je, wajibu wa kumsomesha huanguka, au humrudia mtu? Na ukimrudia mzazi asiyejua kusoma, asiye na fedha, wala hashindi nyumbani, je, atahesabiwa kwa asichokiweza?

Suala hili si la kukisia. Siku ya Jumatatu, 16 Machi 2020, ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana katika Tanzania. Siku ya pili yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa skuli zote, tangu za watoto wadogo mpaka kidato cha sita, kwa muda wa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wa kidato cha sita walirudi 1 Juni, na wengine wote 29 Juni. Basi mtoto wa skuli ya msingi alikaa pasipo mwalimu kwa muda wa siku 104. Na kwa majirani muda ulikuwa mrefu kuliko huo: Kenya watoto wengi hawakurudi mpaka 4 Januari 2021, na Uganda skuli hazikufunguliwa zote mpaka 10 Januari 2022.

Katika muda huo masomo hayakukatika kabisa. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha masomo yakapitishwa katika redio na televisheni, na baadhi ya skuli zikapeleka kazi za wanafunzi kwa njia ya simu. Lakini elimu iliyopelekwa hewani yahitaji mtu wa kuipokea chini. Sasa itazame Mchikichini, jirani ya Kariakoo, penye soko la Karume na nguo zake za mitumba. Nyumba nyingi za huko ni za vyumba vya kupangisha: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua mmoja kwa wote. Baba hutoka alfajiri kwenda kufungua robota, mama hukaanga maandazi au hupanga biashara yake barazani, na simu yenye intaneti, ikiwa ipo, ni moja, nayo hushinda mfukoni mwa baba. Mtoto wa nyumba hiyo ndiye anayeulizwa habari yake hapa.

Watu katika jambo hili waligawanyika mafungu mawili, na yote mawili yalikosea.

Fungu la kwanza walisema: “Kusomesha ni kazi ya mwalimu, mimi nimekwisha nunua sare na madaftari, na serikali ikifungua skuli mtoto atarudi.” Hawa wamesahau asili ya jambo. Mwalimu hakuzaa mtoto wala hakuamrishwa kumtafuta. Yeye amepewa uwakala na mzazi. Na kanuni ya uwakala ni kuwa wakili akizuiliwa, jambo haliwi halina mwenyewe, bali humrudia aliyemwakilisha. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza kuwa ni wajibu wa baba na mama kuwafunza watoto wao wadogo yale yatakayowalazimu watakapobaleghe. Na kuwa ujira wa mafundisho hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe, na ikiwa hana, basi hutoka kwa yule ambaye chakula chake kinamlazimu. Tazama walivyouweka ujira wa elimu pahala pamoja na chakula. Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya sala na tohara tu, na hesabu za skuli hazimo. Kwani Imamu Ghazali ameihesabu elimu ya hesabu na ya utabibu katika mambo ambayo ni fardhi ya kifaya, mji mzima hupata dhambi usipokuwa na watu wa kuyajua. Na daktari wa kesho ni mtoto wa leo aliyeachwa uani achezee kizibo.

Fungu la pili walisema: “Sisi tunajua kuwa ni wajibu wetu, lakini hatuwezi. Hatukusoma, hatuna nafasi, hatuna fedha ya kununua bando.” Hawa ni wakweli katika nusu ya maneno yao, na kwa ajili ya hawa ndiyo yameandikwa haya.

Sharia haikumtwika mtu mzigo upitao nguvu zake. Lakini mafakihi wameweka kanuni nyingine kando ya hiyo, nayo ni kuwa linalowezekana haliondoki kwa sababu ya lisilowezekana. Aliyekatwa mkono chini ya kiwiko hasamehewi udhu wa mkono huo, bali huosha sehemu iliyobaki. Na mwenye maji yasiyotosha viungo vyote vya udhu, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba hawezi kuyaacha akaenda moja kwa moja katika mchanga. Atayatumia kwanza maji yale machache mpaka yaishe, kisha atatayamamu kwa viungo vilivyobaki. Akiyaacha kwa kusema “hayatoshi,” tayamamu yake haikusihi, kwani alikuwa na maji.

Basi mzazi maskini ni mwenye maji machache. Hakuulizwa kwa nini hakuwa na mtungi uliojaa. Ataulizwa kuhusu kile kibaba alichokuwa nacho, alikimimina wapi.

Na likiulizwa: kibaba hicho ni kitu gani? Jawabu ni kwamba ni mambo manne, na hakuna hata moja linalomtaka mzazi awe amesoma.

La kwanza ni wakati. Mtoto aliyetolewa katika kengele za skuli hupotewa na siku. Asubuhi yake huwa jioni naye hajui imekwendaje. Mzazi amwekee saa moja isiyovunjwa, na pahala pasipobadilika, ijapokuwa ni pembe ya mkeka. Wakati ulio baina ya Magharibi na Isha ni wakati wa kudurusu tangu zama za wazee, na mtu wa soko aghalabu huwa amekwisha rudi. Saa moja ya kila siku ina baraka kuliko siku nzima ya kukurupuka mara moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili ni kusikiliza. Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa kwa haya, wala si kwa kukosa uwezo. Mama asiyejua kusoma huogopa kulishika daftari la mwanawe, asije mtoto akaona kuwa mama hajui. Basi huficha kutojua kwake nyuma ya ukali, akafokea pale alipopaswa kuuliza. Kutojua si aibu, na mtoto hamvunjii heshima mzazi kwa jambo hilo. Humvunjia kwa kuona kuwa kazi yake haina mtu wa kuitazama. Mama na amwambie: “Njoo mwanangu, umesoma nini leo? Nifahamishe na mimi.” Mtoto akifahamisha, amesoma mara ya pili. Akikwama, sikio la mama litajua kwamba amekwama, ijapokuwa halijui neno lililomkwamisha, na hapo atamwambia, “Hapa papigie mstari, umuulize mwalimu.” Kila aliyepita chuoni ajua kwamba nusu ya elimu ya chuo ni kusikilizwa: mtoto hushika ubao wake akasoma, na wa mbele yake akamsikiliza, wala si lazima kila mara awe ni mwalimu mwenyewe.

La tatu ni chombo. Redio haihitaji bando, na mtu mwenye nayo anaweza kuujua wakati wa somo akamwita mtoto. Ama simu, ni kama kisu, hukata mboga na hukata kidole. Baba akiweza kuitoa mfukoni kwa saa moja ya jioni, na akae karibu wakati mtoto anaitumia, ametimiza haki mbili kwa mara moja, ya kumpa na ya kumlinda. Mwenye kumpa mtoto simu kisha akaenda zake hakumpa skuli, amempa njia panda usiku.

La nne ni uadilifu. Skuli zilipofungwa, katika nyumba nyingi mtoto wa kiume aliachiwa daftari, na mtoto wa kike akapewa ufagio, kisha ndoo, kisha mdogo wake wa kubeba; ikawa muda wa kufungwa skuli ni muda wa yeye kuanza utumishi. Na Uganda, ambako kufungwa kulichukua karibu miaka miwili, wako wasichana wengi waliopata mimba au kuozwa, wasirudi tena. Mtume (s.a.w.) ameamrisha wazazi wafanye uadilifu baina ya watoto wao katika kuwapa. Ikiwa uadilifu ni wajibu katika kipande cha nguo, vipi usiwe wajibu katika saa ya kusoma? Kazi za nyumba na zigawanywe, na saa ya kusoma iwe moja kwa wote.

Ikiwa mtu atasema: “Haya ni mazuri kwa wenye kushiba. Soko lilikuwa baya mwaka ule, wanunuzi walikimbia maradhi, na mtoto aliyekuwa nyumbani alihitajiwa mezani pa biashara. Je, nimwache asome na tulale na njaa?” Huyu amesema neno la haki, wala hajibiwi kwa kukemewa. Kulisha ni wajibu, na mtoto kumsaidia mzazi wake ni adabu njema. Lakini kusaidia kuna mpaka. Saa mbili mezani hazimwondolei mtoto elimu. Siku nzima, kila siku, humwondolea, na skuli zikifunguliwa mkono uliokwisha zoea kushika sarafu hauoni tena raha ya kushika kalamu. Mzazi wa namna hii amekula mbegu. Wala asidhani kuwa meza ni amana imara kuliko daftari. Soko kuu la Kariakoo liliwaka moto 10 Julai 2021, na soko la Karume likaungua 16 Januari 2022, na watu wakaamka hawana hata kitambaa cha kuuzia. Hayasemwi haya kwa kumcheka aliyeunguliwa, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Yanasemwa ili ijulikane kwamba alichokitia mzazi katika kifua cha mwanawe hakifikiwi na moto wa soko.

Na mfano ulio mzuri kuliko yote katika mlango huu ni wa mama yake Imamu Shafi mwenyewe. Baba alikufa mtoto angali mdogo, na mama akamchukua kutoka Ghaza mpaka Makka. Imepokewa kwamba hakuwa na cha kumlipa mwalimu; mwalimu akaridhika mtoto awe akimshikia wanafunzi anapoondoka, uwe huo ndio ujira. Na imepokewa kwamba hakuwa na karatasi, akawa akiandika katika mifupa, akaihifadhi katika mtungi. Mama yule hakuacha kwa kusema “sina.” Alitazama alicho nacho, akakuta mifupa na subira, akavitumia. Laiti angalingoja mtungi ujae, watu wasingepata madhehebu.

Limebaki fungu moja lisilotajwa, nao ni wenye maji mengi. Kwa kuwa elimu ni fardhi ya kifaya, upungufu wa nyumba moja ni deni la mtaa. Mwenye televisheni katika nyumba ya vyumba sita, akiifungulia mlango saa ya somo, amesomesha vyumba sita. Na inapokuwa maradhi ndiyo yaliyofunga skuli, basi dirisha na lifunguliwe, na watoto wakae barazani mbali mbali. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akikaa na watoto watano wa uani kwake, amelipa sadaka isiyomgharimu kitu. Na nchi hii ina ushahidi wa hayo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, mijini na mashamba, wakaisikiliza redio pamoja, mmoja wao akiongoza mazungumzo baada ya kipindi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kilichochimba ni watu kukaa pamoja wakaulizana.

Basi hukumu ya suala ni hii. Wajibu wa kumsomesha mtoto hauanguki kwa kufungwa mlango wa skuli. Humrudia mzazi, kwa kadiri ya alicho nacho. Mzazi aliyetoa saa yake, akasikiliza, akafanya uadilifu, kisha mtoto akabaki nyuma kwa kukosa yale ambayo mzazi hakuyamiliki, huyo hana dhambi, wala watu wasimlaumu, wala yeye asijilaumu. Na kilichobaki kitaulizwa kwa jirani aliyekuwa nacho akakifungia. Ama aliyekuwa na maji machache akayamwaga kwa kuwa si mengi, huyo hana udhuru.

Skuli sasa zimefunguliwa, na watoto wanapita asubuhi na mikoba yao. Lakini maradhi hurudi, na mvua za masika hujaza bonde la Msimbazi, na mlango uliofungwa mara moja waweza kufungwa tena. Saa ile baina ya Magharibi na Isha haikuhitaji kungoja siku hiyo. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu hausomeshi kwa upole.

Mwenyezi Mungu awatengeneze watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote, na awape wazazi wao subira na riziki. Na Yeye ndiye Ajuaye zaidi.