Lupango la wazee na parsele ya leo: wajibu umehamia wapi?

Tukizungumza juu ya nyumba za mababu, vijana wetu wanafikiri tunataka kuwarudisha kulala chini ya nyasi. Hapana. Manjanja yanadumu kuliko nyasi, na hakuna anayelilia moshi wa zamani machoni. Swali letu ni lingine: nyumba zile zilibeba kazi za utu ndani yake. Nyumba zilipobadilika, zile kazi zilienda wapi?

Tuangalie kwanza lupango lenyewe. Katika milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero, jamaa haikukaa chini ya paa moja tu. Kulikuwa nyumba kubwa ya fito, udongo na nyasi. Pembeni kulikuwa ghala, limeinuliwa kutoka chini ili panya na unyevu visifikie mavuno. Kulikuwa banda la mbuzi ao la ngombe, na mara nyingi kajumba ka vijana waliokwisha kukomaa. Kwa Wanande kulikuwa pia kyaghanda, nyumba ya mikutano ya wanaume: humo moto uliwaka, mgeni alipokelewa, magomvi yalikatwa, na kijana alijifunza kusikiliza mbele ya kusema. Kwa wanaosema Kinyarwanda, neno urugo ni ua, na ni familia yenyewe pia. Mlango wa ua, irembo, una heshima yake hata leo: jamaa ya kijana ikienda kuposa, inasemwa imekwenda gufata irembo, yaani kushika mlango. Na huko Nyanza, Rwanda, kwenye makumbusho ya ikulu ya wafalme, nyuma ya nyumba ya mfalme kuna nyumba ya maziwa na nyumba ya pombe, kila moja na mlinzi wake.

Kwa hiyo kila jengo lilikuwa wajibu uliosimamishwa kwa miti. Ghala lilisema: fikiri kesho, na fikiri mwenye njaa. Kajumba ka vijana kalisema: mtoto analelewa, hajikulii tu. Kyaghanda ilisema: mgeni ana kiti, na ugomvi una mahali pa kuisha.

Sasa tuje huku Goma. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, kuchimba msingi ni taabu, kwa hiyo nyumba nyingi ni za mbao. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wakajenga tena juu ya mawe yaleyale. Parsele ni ndogo, wapangaji ni wengi. Ghala limekuwa nusu mfuko wa unga chini ya kitanda. Mwenye uwezo anazungusha ukuta wa mawe, juu anapanga vipande vya chupa. Hatumlaumu: wezi wapo, na usiku wa mji huu tunaujua.

Lakini kuna jambo linalotusumbua, na ni letu wenyewe. Mwezi wa Februari 2024, vita ilipokaribia Sake, watu wengi walifika Goma na magodoro kichwani. Jioni moja hapa Katoyi, mama mmoja na watoto watatu alisimama mlangoni mwetu: «Hodi! Kuko watu?» Tulijibu kupitia tundu la mlango: «Mama, utusamehe, nafasi hakuna.» Veranda yetu ilikuwa tupu. Usiku ule alilala kwa jirani, mwenye vyumba viwili vya mbao na watoto sita. Tulimsikia jirani akisema: «Ingieni, tutabanana tu.»

Je, mtu anadaiwa wajibu ambao hana tena mahali pa kuuweka? Wengine watasema: kyaghanda hakuna tena, basi deni limeisha. Yule jirani ametukatalia jibu hilo. Hakuwa na kyaghanda wala ghala, lakini deni alilijua. Nasi tuliokuwa na mahali hatukulijua. Basi jengo haliumbi wema, linaukumbusha. Anayekumbuka bila jengo amewapita wazee. Sisi wengine tunasahau upesi, tunahitaji kitu cha kutukumbusha.

Wala tusipambe ya zamani kupita kiasi. Kyaghanda ilikuwa ya wanaume. Neno la mama halikukaa pale karibu na moto. Hiyo hatutaki kuirudisha. Tunachotafuta ni wajibu, si kuta zake zote.

Kiswahili chetu kina neno barza. Lilitoka pwani, kule Lamu na Zanzibar, ambako baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba: mpita njia anakaa bila kuingia chumbani. Kwetu barza ni veranda. Ukuta unaweza kubaki, hata chupa zake. Lakini anayejenga parsele leo aache barza ndogo, benchi la mbao linatosha, na aseme mbele ya watoto wake kwamba hapa ni pa mgeni. Sisi letu tumekwisha kuliweka karibu na mlango. Yule mama hakurudi. Lakini kila tunapofungua mlango asubuhi, benchi linatuuliza.