Alilia?

Kwa nyanya, Leparua, boma la mbuzi halina kufuli. Jioni unaburuta tawi la mgunga mpaka mlangoni, miiba ikiangalia nje, basi umefunga. Vitoto vinalala ndani ya nyumba, karibu na mafiga.

Desemba 2022, mvua ikiwa imekosa misimu mitano, kufunga ilikuwa kazi yangu. Nikafunga nikiwa kwa simu, nikaacha mwanya. Fisi akabeba mbuzi mmoja.

Asubuhi nikajitetea: si hata hivyo tungemchinja Krismasi? Tofauti iko wapi? Niliona hoja yangu iko sawa kabisa. (Nairobi mimi hununua nyama kwa kilo.)

Nyanya aliuliza tu, "Alilia?"

Sikujua. Nililala fofofo.

Kisu nyanya hukishika bila kusita, kwa hivyo shida haikuwa kifo. Porini mbuzi ana miguu yake. Sisi tulimfungia, tukamnyang'anya mbio, tukaahidi kwamba usiku kuna mtu anasikiliza. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kitoto chake kililia ndani hadi saa nne. Jioni nyanya akaburuta tawi mwenyewe.