Bawabu na Mchezo

Mlango usio na bawabu huingiza pumba pamoja na mchele. Wenye bawabu huweza kumzuia mstahiki. Upi bora? Steam, duka la Marekani la michezo ya kompyuta, limejaribu njia mbili. Tangu 2012 wachezaji waliipigia kura michezo ya watunzi wadogo. Kura nayo humpendelea ajulikanaye. Mwaka 2017 ikaondolewa, ikawekwa ada ya dola 100 kwa kila mchezo. Fedha haina chuki, lakini haina macho. Kijana wa Msangano, wilayani Momba, akiutia mchezo wa bao katika kompyuta, ada hiyo haimpimi kipaji, humpima mfuko. Haki, basi, ni bawabu kuitazama kazi yenyewe, na akiikataa, amweleze mtunzi sababu. Akataaye bila neno hahukumu, hufukuza.